Viatu vya Miguu Tusiyoiona

Nimestaafu, lakini mikono yangu haijapata taarifa. Kila asubuhi inaamka ikitafuta msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, nami naituliza kwa kuipa vitunguu imenye. Siku mliyoniaga, mmoja wenu aliniuliza kwa nini karatasi yetu ya vipimo imejaa maandishi pembeni, kana kwamba aliyeitengeneza alishindwa kunyamaza. Mtu huyo ni mimi, pamoja na wenzangu wawili. Nikaona niwaandikie jinsi ilivyokuwa, maana katika miaka yote niliyoshona viatu sijawahi kuifurahia kazi kama nilivyoifurahia miezi ile tulipokuwa tukibishana juu ya maandishi hayo. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: aliyekaa na aliyesimama.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Masasi nikiwa na cheti cha ushonaji wa ngozi cha chuo cha misheni, na imani kubwa kwamba najua viatu. Shangazi yangu alikuwa na genge la viungo pale Kariakoo. Alinipeleka kwa Mzee Awadhi, ambaye alikuwa mteja wake wa mdalasini. Karakana ya mzee ilikuwa ndani ya nyumba ya zamani yenye ua nyuma, imebanwa pande zote na maduka ya vitenge. Siku hizi pameota ghorofa mahali pale na karakana imepandishwa juu, ila harufu ya gundi ilipanda ngazi pamoja nasi.

Babu yake Mzee Awadhi alitoka Uarabuni akaishi kwa kuuza makubadhi. Mzee mwenyewe aliyaacha makubadhi akaingia kwenye viatu vya wagonjwa baada ya mama yake kukatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Kidonda kilikuwa kimeanzia kwenye kiatu kilichobana, kiatu alichokishona mzee kwa mkono wake. Hilo alinieleza mara moja tu, wala hakulirudia.

Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye miguu yangu, kisha akaniambia nivue viatu. Akanikalisha kwenye stuli, akaweka karatasi chini ya mguu wangu na kuuzungushia penseli. Halafu akaniambia nisimame palepale bila kuusogeza mguu, akauzungushia tena, safari hii kwa penseli nyekundu. Mstari mwekundu ulikaa nje ya mweusi karibu kila mahali, na pale mguu unapopanuka, chini ya vidole, ulikuwa umeuacha kwa upana wa punje ya mchele.

"Hawa ni watu wawili," aliniambia. "Ukimshonea aliyekaa, aliyesimama ataumia."

Nikaelewa kwamba nilichokuwa nakijua mimi ni ngozi. Miguu ilikuwa bado.

Wateja wetu walikuwa watu ambao viatu vya dukani haviwafai: wenye kisukari, waliopata kupona ukoma wakabaki na vidole pungufu, wenye mguu mmoja mfupi. Wengi walikuwa na ganzi. Mimi na wewe kiatu kikitubana tunakivua, tunamlaani fundi, yamekwisha. Mtu mwenye ganzi anaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu tangu Ilala hadi Mnazi Mmoja akisalimiana na watu njiani, akaja kugundua nyumbani anapoona damu sakafuni. Ndiyo maana Mzee Awadhi hakutoa kiatu kabla hajaingiza mkono ndani na kupapasa kila kona, macho akiwa ameyafumba. Wateja wageni walidhani anakiombea dua. Huenda alikuwa akifanya yote mawili.

Kwenye benchi la mbele yangu alikaa Method, fundi kutoka Songea, mchongaji wa kalibu, ile sanamu ya mguu ya mbao ambayo kiatu huvutwa juu yake. Tulikaa tukitazamana kwa miaka mingi kuliko wanandoa wengi. Hakuwa msemaji, ila timu yake ikifungwa tulijua bila redio, kwa jinsi nyundo ilivyolia. Yeye ndiye aliyenionyesha kupasua penseli ya seremala katikati, ili upande bapa utelezee kwenye ngozi ya mguu na mstari usiingie uvunguni. Penseli ya mviringo hulala, nayo ikilala mguu hunenepa au hukonda kwenye karatasi kwa kadiri ya mkono ulioishika. Hicho ni kifaa cha bei ya karanga, lakini bila hicho mengine yote ni kubahatisha.

Basi tuliendelea hivyo, mteja akiwa mbele yetu, mguu kwenye karatasi. Mambo yalibadilika pale zahanati za kusini zilipoanza kutuma maombi. Mradi mmoja wa afya ulituunganisha nazo. Mhudumu wa huko Lindi au Mtwara angempima mgonjwa, angejaza karatasi yetu ya vipimo pamoja na mchoro wa miguu, angeituma kwa basi, nasi tungeshona na kurudisha viatu kwa basi hilohilo. Mimi nilifurahi sana, kwa kuwa ile ni miguu ya kwetu. Nilijua mama wa Nachingwea mwenye kidonda hawezi kuja Dar kupimwa, na hata akija atalala kwa nani.

Karatasi yenyewe ilikuwa tupu na safi: urefu, mzunguko wa mguu chini ya vidole, mzunguko wa mgongo wa mguu, kisigino, kimo cha kuinua kwa mwenye mguu mfupi, na nafasi ya mchoro. Mbele ya kila neno kulikuwa na mstari wa kujaza. Tuliona inatosha. Sisi tulijua maana yake.

Viatu vikaanza kurudi. Si vyote, lakini vya kutosha kumfanya Method aanze kuzipokea karatasi za kusini kama mtu anayepokea wageni wasiosema wanakotoka. Kulikuwa na michoro ya watu waliokaa. Kulikuwa na vipimo vilivyochukuliwa juu ya soksi, na kushoto kulikoandikwa kulia. Mchoro mmoja ulikuwa na kisigino kipana kuliko vidole, tukakaa tukiuzungusha huku na huku mpaka tukang'amua kwamba mgonjwa alikuwa ameinua mguu katikati ya kuchorwa. Ninyi mtasema kwa nini msitumiwe picha za simu. Tulizijaribu. Simu ikiinama kidogo tu, mguu wa mtu mzima unakuwa wa mtoto.

Mzee Awadhi alikuwa amefariki kufikia wakati huo, na binti yake Swafia ndiye aliyeshika karakana. Swafia alisomea mambo ya maabara, akafanya kazi hospitali, kisha akarudi nyumbani kuiokoa kazi ya baba. Hakujua kushona hata kishikizo, na alilisema hilo bila haya, lakini alijua jambo moja ambalo sisi hatukulijua, yaani namna ya kupima kama jambo ni kweli au tunapenda tu liwe kweli.

Siku moja kifurushi kilitoka Nachingwea. Ndani yake mlikuwa na viatu vya mama mmoja mkulima, nilivyovishona mimi, na ndani ya kiatu cha kulia damu ilikuwa imekauka. Muuguzi wake, aliyeitwa Rehema, alikuwa ameambatanisha maneno machache ya adabu: mgonjwa yuko kitandani, kidonda kimefika karibu na mfupa, wanajaribu kuuokoa mguu. Niliukunjua mchoro wa yule mama. Ulikuwa umechorwa vizuri, mstari mmoja safi, wa mtu aliyekaa.

Wiki hiyohiyo wenye mradi wakamwita Swafia. Alirudi akatukalisha mimi na Method, akatueleza kwamba wanataka kusimamisha maombi ya karatasi. Atakayetaka viatu aje apimwe Dar. Walimpa muda hadi mvua za masika zitakapokwisha, na wakamwambia kama ana njia ya kuonyesha kwamba karatasi inaweza kuaminika, aionyeshe.

Nilisema palepale kwamba dawa naijua. Tuandike maelezo pembeni. Mbele ya kila mstari wa kujaza tumweleze mhudumu afanye nini: mgonjwa asimame, soksi zivuliwe, penseli iwe wima. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba nilishaanza kutafuta kalamu.

Method akakataa. Kwake, karatasi yenye maneno mengi ni kama mabango ya Kariakoo, yapo mengi hata hakuna anayeyasoma. Akaongeza kwamba mtu akielezwa kila kitu huacha kutumia macho, na kwamba heri mhudumu mwenye shaka kuliko mhudumu mwenye maelekezo. Tukabishana tangu saa ya chai hadi adhana ya adhuhuri. Mimi nilisema anawadharau wahudumu. Yeye alisema mimi nawaonea huruma, na huruma haijawahi kuchukua kipimo.

Swafia alitusikiliza hadi tukaishiwa. "Nyote wawili mnaongea kama mnajua," alisema. "Hakuna anayejua. Tujaribu."

Hapo ndipo raha yangu ilipoanza, ingawa sikuijua kwa jina hilo. Swafia alipata habari kwamba wahudumu wa zahanati za kusini wanakuja mjini kwa mafunzo, katika ukumbi mmoja karibu na Mnazi Mmoja. Akaomba nafasi ya alasiri moja. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Tuwapate watu watatu wenye miguu migumu. Mimi na Method tuwapime kwanza, kila mmoja peke yake, kisha tulinganishe hadi tukubaliane, na majibu hayo ayaweke yeye. Halafu wahudumu wagawanywe kwa kura. Nusu wapewe karatasi tupu, nusu wapewe yenye maelezo, wapime miguu ileile katika vyumba tofauti bila kuonana. Mwishoni tuone akina nani wamekaribia ukweli.

Watu wetu watatu walikuwa mama muuza vitenge mwenye kisukari, kijana fundi saa mwenye mguu mmoja mfupi, na Mzee Ligunga. Huyu alikuwa mlinzi mstaafu, mwenyeji wa Tandahimba, aliyepona ukoma zamani akabaki bila baadhi ya vidole. Nilipomweleza kwamba miguu yake itashikwashikwa mchana kutwa na watu wasiomjua, nilitarajia akatae. Alicheka kidogo, akasema kuna miaka aliyoishi bila mtu kutaka kuigusa, kwa hiyo waje wote.

Kabla ya siku hiyo mimi na Method tulipima, na hapo tukapata mshangao wa kwanza. Kwa Mzee Ligunga hatukuafikiana. Mafundi wawili wa benchi moja, wanafunzi wa mwalimu yuleyule, na kila mmoja alikuwa na kipimo chake cha mgongo wa mguu. Ikabidi tumpime tena pamoja, tukagundua kwamba mimi hukaza futi kamba kidogo na yeye huilaza tu. Swafia alifurahi mno. Alisema kumbe hata maneno "mzunguko wa mgongo wa mguu" hayatoshi, nikaongeza kwenye maelezo yangu kwamba futi kamba iguse ngozi bila kuibonyeza. Method alinitazama nikiandika, akauliza kama na sisi tutahesabiwa miongoni mwa wahudumu.

Siku ya jaribio mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya Jangwani haipitiki kwa maji, baadhi ya watu wakachelewa. Nilikuwa na wasiwasi kama bibi harusi. Nilikatazwa kuingia vyumbani, maana Swafia alisema uso wangu ungewaambia watu majibu. Nikakaa nje na Method. Tuliwaona wahudumu wakitoka mmoja mmoja, wengine wakijifuta jasho, wengine wakicheka na Mzee Ligunga, ambaye tayari alikuwa anawafundisha salamu za Kimakonde.

Baadaye tulikaa sakafuni ukumbini, Swafia akisoma, sisi tukipanga karatasi. Michoro ya waliopewa maelezo ilikuwa mizuri, karibu yote ya mtu aliyesimama, mistari imekaa wima. Ya wasiopewa ilikuwa mseto, kama ile tuliyoizoea. Mzunguko nao ulikuwa umekaribia majibu yetu. Nilishindwa kukaa, nikasimama. Nilitaka kumpigia shangazi simu, na shangazi hakujua hata nafanya nini.

Kisha tukafika kwenye kimo cha kuinua, kwa yule kijana wa mguu mfupi. Waliopewa karatasi tupu walikuwa wametawanyika, wengine juu, wengine chini, lakini kadhaa walikuwa wamekaribia sana. Waliopewa maelezo walikuwa wameandika sentimita tatu. Mmoja, wa pili, wa tatu, wote tatu. Mguu wa yule kijana ulihitaji karibu mara mbili ya hapo.

Method aliichukua karatasi yangu ya maelezo akasoma pembeni kwa sauti ya taratibu: "Weka vibao chini ya mguu mfupi mpaka nyonga zilingane, kisha pima kimo cha vibao. Mfano: sentimita tatu." Aliiweka chini na kuinyoosha pembe iliyokunjika.

Swafia hakukubali tubuni sababu. Alitaka tuwaulize wenyewe kabla hawajaondoka. Hapo ndipo nilipokutana na Rehema wa Nachingwea uso kwa uso. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na kilichonitangulia mdomoni ni kumuuliza habari za yule mama. Akaniambia mguu wameuokoa, kidonda kinafunga. Nikamshukuru kwanza. Kisha nikamuuliza kuhusu zile sentimita tatu.

Alinijibu bila kujitetea. Aliweka vibao kama maelezo yalivyosema. Nyonga zilipoelekea kulingana vibao vilikuwa vimepita tatu, na akadhani amekosea. "Mlikuwa mmeandika tatu," alisema, "na ninyi ndio mafundi. Nikaviondoa."

Jibu hilo ndilo ninalolitaka mlishike. Rehema alikuwa ameona ukweli kwa macho yake, akauondoa kwa mkono wake, kwa sababu ya neno nililoliandika mimi kwa nia ya kumsaidia. Ninyi mngetarajia nihuzunike. Nawaambia nilisisimka hadi vidole. Miaka yote tulikuwa tunasema wahudumu hawajui kupima. Sasa tulikuwa na jambo la kushika, tuliloliona likitokea, na tulijua limetoka wapi. Kitu kikijulikana kinatokea wapi, fundi anaweza kukirekebisha.

Tukarudi karakanani, na kesho yake Method, kwa mara ya kwanza, akasogeza stuli yake upande wangu wa benchi. Alisema maelezo yabaki, ila kila mfano wenye tarakimu ufutwe. Mimi nikasema hata amri zangu zimekaa kama za askari wa barabarani: fanya hivi, usifanye vile. Mzee Awadhi hakunifundisha hivyo. Alinionyesha sababu kwanza. Basi tukaanza kuandika sababu. Pale palipoandikwa "mgonjwa asimame" tukaandika: "Mguu ukibeba mwili hupanuka. Kiatu cha mtu aliyekaa kitamchubua akisimama." Kwenye kimo tukaandika: "Amini nyonga unazoziona. Idadi yoyote ya vibao inaweza kuwa sahihi." Swafia alitukatia maneno bila huruma. Tulibishana juu ya neno moja, "mwembamba" au "mfinyu," kwa muda ambao ungetosha kushona kiatu. Wanunuzi wa duka la jirani walikuwa wanapita mlangoni wakidhani tunagombana. Nilikuwa naamka na sentensi kichwani. Nilikuwa nimeshazidi umri wa kupenda kitu kwa namna hiyo, na bado nilikipenda.

Jaribio la pili lilifanyika kwa kundi jingine la wahudumu, ambao hawakuwa wamesikia habari za lile la kwanza. Safari hii kulikuwa na karatasi za aina tatu: tupu, yenye maelezo yangu ya zamani, na yenye sababu. Mzee Ligunga alirudi akiwa amevaa kofia mpya na kujiita mkufunzi. Yule kijana wa mguu mfupi alirudi pia.

Mwishoni Swafia akaanza kusoma. Method alikuwa ameshika penseli kama msharasi. Waliokuwa na karatasi tupu walikosea kama kawaida. Waliokuwa na maelezo ya zamani waliandika tatu, tena kwa wingi. Waliokuwa na sababu walikusanyika karibu na ukweli kwenye mchoro, kwenye mizunguko, na kwenye kimo pia. Mmoja wao alikuwa amekosea vibaya, na Swafia alilisema hilo kwa sauti ileile aliyosema mazuri. Hakutaka tumfiche yule mmoja. Method akamuuliza kama sasa anaruhusiwa kufurahi. Swafia akafikiri kidogo, akasema ndiyo.

Wenye mradi walikuja karakanani kuziona karatasi zenyewe. Swafia akawaonyesha yote, pamoja na ile aibu ya sentimita tatu, kwa kuwa alisema bila hiyo hawataelewa kwa nini tuziamini zile nyingine. Waliondoka wakisema watatujulisha. Tulikaa siku kadhaa tukishona huku tumetega sikio ngazini. Jibu likaja kwamba maombi ya karatasi yaendelee, na kila zahanati ipelekewe karatasi mpya. Nilichofanya ni kushuka hadi mtaani kununua kahawa na kashata za karakana nzima, nikarudi nikakuta Method ameshakata ngozi ya ombi la kwanza.

Viatu havikuacha kurudi kabisa, nisiwadanganye. Vilianza kurudi kwa sababu tofauti: kamba imekatika, soli imeisha kwa kuvaliwa. Hizo ni habari njema katika kazi yetu.

Nataka nimalizie na ombi moja lililokuja mwaka wangu wa mwisho, kutoka zahanati ya Liwale. Aliyejaza ni mhudumu tusiyemjua, aliyeajiriwa baada ya mafunzo yote. Hakuwahi kukaa ukumbini nasi. Alichokuwa nacho ni karatasi tu. Mchoro ulikuwa safi, wa mtu aliyesimama, mstari umekaa wima. Lakini pale pembeni, ambapo sisi tulikuwa tumeandika kwamba mgonjwa apimwe asubuhi kabla miguu haijachoka, yeye alikuwa ameandika kwa kalamu yake, kwa herufi ndogo ili zitoshe:

"Sababu yenu nimeielewa, ila kwa mama huyu haifai. Anasimama sokoni kutwa na miguu huvimba. Nimempima asubuhi na jioni, vipimo vyote hivi hapa. Mshoneeni kwa kipimo cha jioni, ila mweke kamba ndefu akaze asubuhi."

Niliisoma mara mbili, nikaipeleka kwa Method. Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa amekaa. Kisha akamwita Swafia, na watatu tukawa tumeinama juu ya karatasi ile kama watu wanaoangalia mtoto mchanga. Kwa miaka tulikuwa tumetaka watu watuandikie vipimo sahihi. Huyu alikuwa ameisoma sababu yetu, akampima nayo mtu aliyekuwa mbele yake, akaona haikai, akatujibu. Method ndiye aliyezungumza kwanza.

"Huyu ametusahihisha," alisema, na sijawahi kumsikia akisema neno kwa fahari kama hiyo.

Siku hiyohiyo tukabadilisha maelezo ya mstari ule. Hayo mnayoyasoma sasa, kuhusu wanaosimama kutwa, ni ya yule mhudumu wa Liwale. Viatu nilivishona mimi, ngozi nyeusi, mdomo wa kiatu umefunguka hadi karibu na vidole ili kamba ziweze kukaza na kulegea. Method alichonga kalibu ya jioni. Tukavituma kwa basi.

Baada ya wiki chache mhudumu akapiga simu. Nikamuuliza ngozi ikoje, akasema nzima, hakuna hata wekundu, ameikagua kila kona. Nikamuuliza kuhusu kukaza asubuhi, akasema mama anakaza mwenyewe. Nikamuuliza kama kuna tatizo lolote. Akasema lipo moja, na mama amemkataza asilifikishe, ila yeye ameona ni wajibu wake kulifikisha. Method aliacha nyundo.

Tatizo lilikuwa rangi. Mama alisema amevaa viatu vyeusi vya hospitali maisha yake yote, na kwa kuwa hivi ni vya kwanza anavyovisahau mguuni, angependa viwe vyekundu.

Tukamshonea vyekundu.